Ametoka

Mlio ulitangulia. Ulikuwa mkali na mrefu, wa chuma kikila jiwe, na uliruka ukuta wa uani ukaingia jikoni kabla jua halijafika kwenye mabati. Bi Sesilia Faraj aliinua uso. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, hayakumwonyesha zaidi ya weupe wa mlango. Masikio yake yalikuwa mazima.

"Tekla," alisema. "Sufyan hachongi leo."

Bintiye alikuwa akigeuza mahamri kwenye karai. "Kama hachongi, huo mlio ni wa nini, mama?"

"Kuchonga ni nyundo na tindo. Agonga, apumua, agonga. Wiki mbili namsikiliza. Hiyo ni mashine. Huyo yuwafuta."

Nyuma ya ukuta ule, upande ambapo mtaa wa Bondeni unaishia na vichochoro vya Kuze vinaanza, Sufyan alikuwa na karakana ya mawe ya makaburi. Wiki mbili hizo alikuwa na kazi isiyo ya kaburi: jiwe la marumaru la Parokia ya Mtakatifu Ana, ambayo Jumapili ile ingetimiza miaka tisini. Majina kumi na mawili ya waasisi. La saba lilikuwa Simeoni Faraj, aliyechoma chokaa ya kuta zile na kuipiga kengele yake ya kwanza. Huyo ndiye baba yake Bi Sesilia. Siku jina lilipokamilika, Sufyan aliushika mkono wa bibi huyo akaupitisha juu ya herufi, moja baada ya nyingine. Bi Sesilia alirudi nyumbani akala wali sahani mbili.

Mlio ulikatika ghafla. Baada ya muda mfupi mlango ukabishwa.

"Hodi."

"Karibu, Sufyan," alisema Bi Sesilia. "Umefuta la nani?"

Sufyan aliingia mweupe toka nywele hadi viatu, kama mtu aliyemwagiwa gunia la unga. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwenye mikono mikubwa, na mikono hiyo hakujua aiweke wapi.

"Nyanya, nimetumwa jambo nikalifanya nusu."

"Nusu gani?"

"Yule katibu wa kamati yenu ya jubilei, Mwalimu Mung'aro, alinipigia simu jana magharibi. Akanambia jina la saba liondoke. Nikamuuliza kwa nini, akasema ni mambo ya ndani ya kanisa. Mimi Mwislamu, nikaona si mahali pangu kuchimba zaidi. Asubuhi nikawasha mashine. Nimemfuta Simeoni. Nilipofika kwenye Faraj, mkono ukakataa."

Mahamri yaliungua kidogo, na hakuna aliyeyaokoa. Paskali, mwana wa Tekla, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa akitoka kwenda kuwasha tuktuk yake, alisimama mlangoni funguo mkononi.

"Amesema nani? Mung'aro? Huyu niliyempakia juzi na maboksi yake ya vitabu mpaka mlangoni pa ofisi, akanishukuru kwa jina la Yesu?"

"Paskali, ngoja," alisema Tekla.

"Nangoja nini? Wasage na hilo Faraj?"

Bi Sesilia hakupandisha sauti. "Kwa hivyo sasa pale pameandikwa Faraj tu."

"Faraj tu, nyanya. Kabla yake pana kovu."

"Basi amebaki na jina alilopewa na mamake. Usiliguse tena, Sufyan, hata ukiambiwa na nani. Tekla, vaa kitenge chako cha jubilei. Nendeni mkaulize."

* * *

Ofisi ya parokia ilikuwa na benchi nje, na juu ya benchi hilo Tekla na Paskali walikaa saa nzima, mlango ukiwa wazi na Mwalimu Mung'aro akionekana ndani akipanga vitabu. Aliwaona. Aliinua kidole kimoja kuwaambia wasubiri, kama anavyowafanyia wanafunzi, akaendelea kupanga. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili, mtu safi, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikono, na kitabu kilichokuwa kwenye maboksi yale alikiandika yeye mwenyewe kwa miaka miwili bila kulipwa. Hilo lazima lisemwe. Hakuwa mvivu wala mwizi. Alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hana haja ya kuwa na ubaya mwingine.

Alipowaita, hakuwapa kiti.

"Mama Paskali, najua kilichowaleta. Nilitaka kuja nyumbani mwenyewe, kazi zikanizidi."

"Ulikuwa na nafasi ya kumpigia fundi," alisema Paskali.

"Kijana, nazungumza na mamako." Akachukua kitabu juu ya boksi, akakifungua bila kutafuta ukurasa. "Ni vyema msikie kwangu kabla ya Jumapili. Ukurasa wa arobaini na moja. Sura inaitwa Sisi na Majirani Zetu. Humu nimeeleza makanisa yote yanayotuzunguka, Waanglikana ng'ambo ya barabara, Wamethodisti, hata hawa wa hema pale sokoni. Kwa heshima, bila kumtukana mtu." Akasoma kwa sauti ya darasani: "Si wote waliodumu. Mpiga kengele wetu wa kwanza, Simeoni Faraj, alitoka Kanisani mwaka wa 1958 akajiunga na majirani zetu Waanglikana, ambako aliendelea kupiga kengele."

Tekla alishika ukingo wa meza. "Uongo huu umeutoa wapi?"

"Sikuutoa kichwani. Nilipoanza niliwahesabu waasisi kwa ile picha ya zamani, na babu yako yumo, nikampa fundi jina lake. Wiki jana ndipo nikalipata daftari la parokia kwenye kabati la sakristia. Kitabu kilikuwa bado kiko kwa mchapishaji, nikawahi kurekebisha." Akafungua daftari lenye jalada la ngozi lililoliwa na mende. "Mwezi wa nane, 1958. Hati ya katekista Yosefu Badawi. Soma mwenyewe."

Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Tekla alisoma polepole: "Simeoni Faraj ametoka."

"Ametoka," alirudia Mwalimu, na hakukuwa na furaha usoni mwake, bali ule utulivu wa mtu anayefunga hesabu. "Na Waanglikana wenyewe, kwenye kijitabu chao cha miaka ile, wanamshukuru Faraj kwa kuwapigia kengele. Ushahidi wa pande mbili. Ningefanyaje? Historia haina shangazi."

"Na aliyemzika ni nani?" Tekla aliuliza. "Si padre? Si kwenye makaburi yetu?"

"Wangapi hurudi wakiwa kitandani pa kufa? Namshukuru Mungu alirudi. Lakini jiwe la waasisi ni la waliodumu."

"Mimi nakwambia nyanya yangu anajua kuliko daftari lako," alisema Paskali.

"Nyanyako alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Watoto hawaambiwi mambo kama haya. Nami, kijana, nimesomesha Kiswahili miaka ishirini na sita. Ametoka ni ametoka. Kama unajua maana nyingine, simama hapa unifundishe."

Paskali alifungua mdomo. Hakuwa na maana nyingine. Kiswahili chake kilikuwa cha stendi na cha mtaani, chepesi cha kujibu tusi, lakini mbele ya daftari lile kilimkauka. Akatoa simu apige picha, na Mwalimu akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Hizi ni nyaraka za kanisa. Hazipigwi picha."

"Basi nikopi kwa mkono," alisema Tekla. "Mama yangu hataamini ninachomwambia. Ataamini nilichokiandika."

Mwalimu alifikiri, akaondoa kiganja. Tekla hakuwa na karatasi zaidi ya ile ya kufungia mahamri iliyokuwa mkobani. Akaandika sentensi ile, na ile iliyoifuata, kwa sababu hakujua ipi ni ya maana na ipi si ya maana.

"Hiyo ya pili huihitaji," alisema Mwalimu akimchungulia. "Ni mambo ya kamba na ngazi, tena imejaa makosa ya tahajia. Marehemu katekista hakuwa na skuli nyingi."

Tekla aliendelea kuandika mpaka nukta.

"Na jambo moja la mwisho, samahani sana. Zile tepe za njano za familia za waasisi. Benchi la mbele limehesabiwa, na maandamano ya matoleo yamepangwa. Nitaomba mnirudishie zenu."

Nje ya mlango wanawake wawili wa kwaya walikuwa wamefika, wamevaa kitenge kilekile cha jubilei, na walinyamaza ili wasikie vizuri. Tekla aliifungua pini kifuani mwake. Aliiweka tepe juu ya meza, akainyoosha kwa vidole viwili.

"Hii yangu. Ya mama iko kwake. Njoo uitoe wewe mwenyewe kifuani mwake."

* * *

Alipomsomea mamake nyumbani sentensi ya kwanza, Bi Sesilia alisikiliza akiwa amefumba macho yasiyoona.

"Soma tena."

"Simeoni Faraj ametoka."

"Baba hakutoka," alisema bibi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa Waanglikana alikwenda, ndiyo. Kengele yao ilipata ufa. Walikuwa wakingoja nyingine kwa meli. Miezi mitano. Baba alitafuta kipande cha reli akakitundika kwenye mti wao wa mkungu, na kila Jumapili, akishamaliza kwetu, avuka barabara awapigia. Nyundo niliibeba mimi. Padre alijua. Alimwambia, Simeoni, usipige kwa nguvu kuliko yetu." Akacheka kidogo. "Lakini mimi nilikuwa mtoto. Pengine kulikuwa na jambo hawakunambia."

Hapo ndipo Paskali alipoona ubaya uliofanyika. Jina kufutwa kwenye jiwe lilikuwa jambo moja. Lakini sasa mtu asiyemjua Simeoni alikuwa ameingiza kidole katika kumbukumbu za mwanamke wa miaka themanini na mitatu akazitikisa, na bibi mwenyewe ameanza kumshuku babake.

"Nyanya, usiseme hivyo."

"Limeandikwa, mwanangu. Badawi alikuwa mtu mkweli. Hakuandika uongo."

Paskali aliinyakua ile karatasi yenye madoa ya mafuta, akatoka. Hakujua aendako. Miguu ilimpeleka kwa Sufyan, na kwa Sufyan hakumkuta Sufyan, bali babake, Maalim Kamaludin, ameketi barazani baada ya sala ya Alasiri na bilauri ya chai ya tangawizi. Mzee huyo alisomesha madrasa ya Kuze miaka hamsini, na bado watoto walipopita mbele yake walipunguza mbio.

"Asalaam aleikum, Maalim."

"Wa aleikum salaam, mwana wa Tekla. Uso umeukunja, wataka kumpiga nani?"

"Mwalimu wa Kiswahili."

"Ah. Huyo atakushinda kwa maneno kabla hujainua mkono. Keti. Nipe hiyo karatasi unayoiminya."

Maalim alivaa miwani, akasoma kimya. Akasoma mara ya pili, midomo ikicheza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza siku nzima.

"Aliyeandika ni mtu wa wapi?"

"Katekista Badawi. Alikuwa mzaliwa wa hapahapa Mji wa Kale, nyanya asema."

"Nilijua. Huyu ni mtu wetu. Na mamako alisoma hii ya pili?"

"Mwalimu alisema imejaa makosa."

"Makosa!" Mzee aliweka bilauri chini kwa kishindo hadi chai ikaruka. "Isome wewe. Kwa sauti."

Paskali akasoma: "Kengele ataitukua Yohana kuanzia kesho, na kamba kuukuu iwekwe tini ya ngazi."

"Ataitukua ni nini?"

"Ataichukua?"

"Na tini?"

"Chini."

"Watu wa bara na wa vitabuni wasema chukua, wasema chini, wasema macho. Sisi, babu zetu, twasema tukua, tini, mato. Palipo na che yao, sisi twaweka te. Huyu Badawi hakukosea hata herufi moja, aliandika kama alivyosema na mamake. Sasa rudi juu. Mtu huyo huyo, kalamu hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Simeoni Faraj ame—"

Paskali alisimama.

"Amechoka," alisema.

"Alichoka, maskini. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, kifua kimejaa chokaa. Mimi nilikuwa mtoto, nilimsikia akikohoa akipanda ile ngazi. Alikohoa kwanza, halafu kengele ikalia, ndivyo tulivyojua saa kumi na mbili imefika. Akachoka, akampa Yohana kamba. Basi. Ndiyo hadithi yote." Mzee alivua miwani, macho yamemlowa, na alikasirika kwa kulowa kwake. "Tena ni maneno mawili, si moja. Yameandikwa sawa, hayasemwi sawa. Sikiliza." Akayatamka, moja baada ya jingine. "Moja ulimi wagusa meno, moja wakaa nyuma. Umesikia?"

"Sikusikia tofauti, Maalim."

"Ndiyo. Nyinyi hamsikii tena, na mwenye kuwasomesha hasikii. Lakini nyanyako atasikia. Twende."

Maalim alisimama uani mwa Wakatoliki wale na fimbo yake, akalisema neno mara moja tu, kwa ulimi wa Kuze. Bi Sesilia aliweka mkono kinywani.

"Tekla," alisema baadaye. "Ulinisomea kwa ulimi wa skuli. Umemtoa babu yako nje ya mlango kwa ulimi wa skuli."

"Mama, mimi nilijuaje?"

"Sikulaumu. Nakwambia ulichofanya."

* * *

Jumamosi asubuhi walikwenda watatu, Tekla, Paskali na Maalim Kamaludin. Tekla alikuwa na barua ya mzee wa kanisa la Kianglikana, aliyepekua vitabu vyao vya miaka ile na hakumkuta Faraj miongoni mwa waumini, ila kwenye mstari mmoja wa shukrani kwa "jirani yetu". Safari hii Padre Paroko naye alikuwepo ofisini, mtu mpole aliyehamishiwa pale mwaka uliotangulia, na meza yake ilikuwa imejaa orodha za wageni.

Mwalimu Mung'aro alimsikiliza Maalim hadi mwisho. Aliangalia mstari wa pili wa daftari, akaangalia wa kwanza. Rangi ya shingo yake ilibadilika, na kila aliyekuwemo aliona kwamba ameelewa.

"Ni dhana yenye nguvu," alisema.

"Si dhana," alisema Maalim. "Ni lugha."

"Kitabu kimechapishwa, Maalim. Nakala mia tano, ziko hapo. Wageni wanaingia kesho saa tatu."

Padre alikunja mikono. "Mama Tekla, naomba tuelewane kama familia. Tupite kesho kwa amani. Toleo la pili litarekebishwa. Jina litarudishwa kwenye jiwe kimyakimya, baada ya sherehe, bila mtu kuaibika."

"Baada ya sherehe lini, Padre?"

"Mungu atatuonyesha wakati."

"Lilifutwa kwa simu moja, magharibi," alisema Tekla. "Kurudi ndiko kunakomngoja Mungu?"

"Mama, kesho ni siku ya parokia nzima, si ya nyumba moja."

Tekla alikuwa amefua vitambaa vya altare ile kwa miaka thelathini. Alikuwa amevipiga pasi kwa makaa siku stima ilipopotea, na hakuwahi kujibizana na padre hata siku moja. Aliikunja barua ya Waanglikana na kuirudisha mkobani.

"Wasioaibika ni nyinyi," alisema. "Sisi tumeshaaibika, tangu Alhamisi, kwenye benchi lenu, kwaya ikitazama. Hatuna cha kuogopa kesho."

Nje, Paskali alimtazama mamake kana kwamba hajawahi kumwona. "Mama, umemjibu padre."

"Nyamaza, nisije nikalia. Twende kwa Sufyan."

Sufyan alikuwa ameshapigiwa simu na Mwalimu mara nne. Jibu lake lilikuwa moja: jiwe litafika. Hakusema litafika vipi.

* * *

Jumapili uwanja wa Mtakatifu Ana ulifurika. Waanglikana walivuka barabara na kwaya yao, Wamethodisti wakaleta tarumbeta, na wachungaji wawili wa lile hema la sokoni wakaja na viti vyao vya plastiki. Nje ya lango walisimama watu wa Kuze na Bondeni waliokuja kutazama, Maalim Kamaludin mbele yao na kanzu iliyopigwa pasi. Jiwe, ambalo Sufyan alilipachika alfajiri likiwa limeshafunikwa kitambaa cheupe, lilikuwa ukutani kando ya mlango mkubwa.

Bi Sesilia alikaa benchi la mbele. Kijana wa itifaki alimjia kumwambia benchi lile lina wenyewe, akaiona tepe ya njano kifuani, akaona na uso wa Paskali nyuma yake, akaenda kutafuta kazi nyingine.

Baada ya misa kitambaa kilivutwa. Watu walianza kupiga makofi, kisha makofi yakapungua, yakawa ya hapa na pale. Majina kumi na mawili yalikuwa pale. Kumi na moja yalikuwa safi, ya rangi ya dhahabu. La saba lilikuwa na jeraha la kijivu lililochimbika, jeuri, halikulainishwa hata kidogo, na baada ya jeraha hilo herufi tano: FARAJ.

Mwalimu Mung'aro alishika kipaza sauti. "Hapo kuna kasoro ya fundi. Itarekebishwa."

"Si kasoro!" Sauti ya Sufyan ilitoka langoni. "Ni kazi niliyoagizwa, nikaikataa katikati!"

Watu walicheka, wengine wakageuka. Mwalimu alifunua karatasi yake na kuanza kusoma majina haraka. La tano. La sita. Akasoma la nane.

"Umeruka," alisema Bi Sesilia.

Hakuwa na kipaza sauti. Alikuwa na sauti ya binti wa mpiga kengele, iliyozoea kuita mtu aliye juu ya mnara. Alisimama, Tekla akimshika kiwiko, wakapanda ngazi tatu za mlango. Padre alipiga hatua mbele, akasita, akabaki alipo. Bi Sesilia aliweka vidole kwenye jeraha la jiwe, akaupapasa ukwaru wake wote hadi akafika kwenye herufi nzima.

"Mwalimu, uko wapi?"

"Niko hapa, mama."

"Sema ulichokisoma kwenye daftari. Wasikie nao."

"Mama, tulikubaliana—"

"Mimi sikukubaliana na mtu. Sema."

Uwanja mzima ulingoja. Mwalimu alilamba midomo. "Simeoni Faraj ametoka."

"Hiyo umemtoa nje. Mimi nataka ile ya Badawi. Ile ya mtu aliyepanda ngazi miaka ishirini na mitatu, kifua kikamshinda. Sema kama sisi."

Alijaribu. Ni haki kusema alijaribu. Neno lilitoka lilelile. Ajuza mmoja wa Kianglikana, upande wa wageni, akalitamka vizuri kumsaidia, na mwenzake akalitamka, na langoni wazee wa Kuze wakalipokea, neno moja dogo likipita kutoka kinywa hadi kinywa, Wakatoliki wa kale na Waislamu na Waanglikana, kwa ulimi ambao kitabu chenye kurasa mia mbili hakikuujua. Mwalimu alijaribu tena. Watu walicheka, si kwa uchungu sana, na jasho likamshuka chini ya ukosi.

"Kitabu kitarekebishwa, mama," alisema, mbali na kipaza sauti. "Toleo la pili."

"Lini?"

"Mungu akipenda."

"Mungu keshapenda. Nakuuliza wewe."

Bi Sesilia aliifungua ile tepe ya njano kifuani, akaifunga kwa mkono wa kupapasa kwenye msumari ulioshika kona ya jiwe, fundo moja, fundo la pili.

"Basi sikiliza, nikuahidi mbele ya hawa wote. Kila Jumapili, misa ya kwanza na misa ya pili, utanikuta kwenye ngazi hizi. Mjukuu wangu atausoma ukurasa wa arobaini na moja kwa sauti, na kila apitaye nitamweleza neno lile, awe wa kanisa hili au la jirani. Kukinyesha, nitakuwa hapa. Mpaka ukurasa ubadilike, na Simeoni arudi mahali pake kwenye jiwe. Mimi Sesilia binti Faraj, sitatoka."

Mwalimu Mung'aro alimtazama. Kwa muda alionekana kama mwanafunzi aliyesimamishwa.

"Sitatoka ipi, mama?" aliuliza.

"Zote mbili, mwanangu," alisema Bi Sesilia. "Nakuahidi zote mbili."